Helikopta ya Kwanza ya Chama cha Sayansi: Ichaguliwe Ipi?

Helikopta ndogo zinazorushwa kwa nguvu ya betri na kuongozwa kwa mawimbi ya redio si jambo geni tena katika miji ya Afrika Mashariki. Huonekana madukani zikiwa ndani ya maboksi yenye picha za kupendeza, na mara kwa mara mzazi, mfadhili au mwanafunzi wa zamani humletea mwalimu wa fizikia moja kama zawadi kwa chama cha sayansi cha shule. Mara nyingi chombo hicho huruka kwa siku mbili au tatu tu. Halafu panga moja huvunjika, au betri huvimba, na helikopta huwekwa juu ya kabati la maabara, karibu na darubini isiyo na lenzi, ikapigwa na vumbi mpaka mwaka wa masomo unakwisha.

Lawama ya jambo hili hutupiwa wanafunzi, kwamba hawana uangalifu. Lawama hiyo si ya haki. Kosa hufanyika mapema zaidi, siku ya kununua, kwa sababu mnunuzi hutazama picha ya boksi na bei yake, ilhali maswali ya lazima ni mengine kabisa: chombo kina rota ngapi, pembe ya mapanga yake hubadilika au haibadiliki, kinaongozwa kwa njia ngapi, na panga likivunjika lingine litapatikana wapi. Shule yenye fedha ya kununua chombo kimoja tu haina nafasi ya kujaribu mara mbili.

Yafaa kwanza kuiondoa dhana kwamba helikopta ndogo ya umeme ni mchezo wa watoto usiostahili kuingia maabara. Historia yasema vingine. Arthur Young, Mmarekani aliyesomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Princeton, alianza kulichunguza suala la helikopta mwaka 1928, wala hakuanza na chombo cha kubeba mtu. Alitengeneza vielelezo vidogo vilivyoendeshwa kwa mota za umeme, na kwa miaka mingi alivirusha na kuviangusha, hatimaye katika ghala la shamba lake huko Paoli, Pennsylvania. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kielelezo: huvunjika bila kumuua mtu, na kikivunjika hufundisha. Tatizo lililomsumbua Young ni kwamba helikopta iliyoachwa ielee yenyewe hewani huanza kuyumba, na kila yumbo huzaa jingine kubwa zaidi mpaka chombo hupinduka. Alilitatua kwa kufunga ufito wenye uzito kwenye ncha zake, unaozunguka pamoja na rota. Kitu kizito kinachozunguka hupenda kubaki katika bapa lile lile la mzunguko wake; kwa hiyo mwili wa helikopta ukiinama, ufito haufuati papo hapo, na kwa kuwa umeunganishwa na mapanga, tofauti hiyo ya mwinamo hubadili pembe za mapanga na kukirudisha chombo mahali pake. Mwaka 1941 Young alikipeleka kielelezo chake kwa kampuni ya ndege ya Bell. Tarehe 8 Machi, 1946, helikopta iliyoitwa Bell 47, yenye ufito huo huo juu ya rota, ikapewa hati ya kutumika kwa shughuli za kiraia nchini Marekani, ikiwa ya kwanza kupata hati hiyo.

Mwanafunzi anayeshika leo helikopta ya kuchezea yenye kijiti cha vijiwe viwili juu ya rota yake anashika wazo la Young lenyewe. Kama mwalimu wake hakumwambia hivyo, basi amenyimwa nusu ya faida ya chombo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu umeme haukufaa kurusha helikopta iliyobeba betri yake yenyewe. Dieter Schlüter wa Ujerumani Magharibi, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwafungulia wapenzi wa vielelezo mlango wa helikopta za redio, alitumia injini ndogo ya kuchoma mafuta. Injini za aina hiyo hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya kulainisha, hasa ya nyonyo. Hutoa moshi, kelele na harufu, na hutaka fundi mwenye subira. Sababu ya kuukataa umeme wakati ule ilikuwa uzito. Betri za nikeli na kadimiamu hutunza kiasi cha wati-saa 40 hadi 60 tu katika kila kilogramu, na helikopta ni chombo kisichosamehe uzito: ndege ya mabawa hubebwa na mwendo wake, bali helikopta inapoelea haina msaada wowote isipokuwa mota. Betri za lithiamu polima, zilizoenea katika miaka ya 2000, hutunza wati-saa 150 hadi 200 kwa kilogramu. Kuna pia sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambazo zimeziwezesha mota ndogo kutoa nguvu kubwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoishusha helikopta ya redio kutoka uwanja wa mafundi hadi meza ya darasa.

Sasa kuhusu aina zenyewe. Kila helikopta inapaswa kujibu swali moja linalotokana na kanuni ya tatu ya Newton, kwamba kila tendo lina tendo-kinzani lililo sawa nalo na lenye mwelekeo wa kinyume. Mota ikiizungusha rota upande wa kulia, mwili wa helikopta husukumwa kuzunguka kushoto. Jibu la kwanza ni kuweka rota mbili juu ya mhimili mmoja, moja ikizunguka huku na nyingine kule, ili misukumo hiyo ifutane. Jibu la pili ni kuweka rota moja kubwa juu na nyingine ndogo mkiani, inayosukuma hewa kwa ubavu na kuuzuia mwili usizunguke. Igor Sikorsky alilithibitisha jibu hili la pili kwa chombo chake VS-300, kilichonyanyuka kwa mara ya kwanza Septemba 1939 kikiwa kimefungwa kamba, na helikopta nyingi za dunia zimemfuata.

Chombo cha bei ya chini kabisa madukani huwa ni cha rota mbili na njia tatu. Njia ya kwanza hukipandisha na kukishusha, ya pili hukigeuza, na ya tatu huendesha kirafadha kidogo kilicholala mkiani, ambacho huuinua au kuushusha mkia ili chombo kisogee mbele au nyuma. Hakina njia ya kwenda kando. Wala mtu hakiongozi hasa, hukiomba. Vingi vya aina hii haviongozwi kwa redio hata kidogo, ijapokuwa boksi laweza kudokeza hivyo, bali kwa miali isiyoonekana kama ile ya rimoti ya televisheni. Jua la Afrika lina miali hiyo kwa wingi, na mwanafunzi akikitoa chombo nje saa sita mchana, mapokezi yake hupotea na chombo huanguka. Kifaa cha namna hii chafaa zawadi ya sikukuu. Kukinunua kwa fedha ya chama cha sayansi ni kupoteza fedha hiyo.

Lakini isidhaniwe kwamba rota mbili ni wazo la kitoto. Helikopta za Kamov zilizobuniwa katika Urusi ya Kisovieti zimeutumia mpango huo kwa kazi nzito za baharini kwa miongo mingi. Vipo pia vielelezo vya rota mbili vyenye njia nne, ambavyo rota yao ya chini huweza kuinamishwa mbele, nyuma na kando, na rota ya juu ikashikwa na ufito wa Young. Wako wanaovitetea kuwa ndivyo vya kwanza kwa mtu yeyote, na utetezi wao una uzito: chombo hicho huelea karibu chenyewe, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kukirusha ukumbini kabla ya kengele ya mwisho. Upungufu wake ni kwamba utulivu huo haumfundishi mkono kazi yake. Upepo mdogo tu wa uwanjani hukishinda, na mwanafunzi aliyekizoea, akipewa chombo cha rota moja, hujikuta anaanza upya.

Upande wa pili wamo vijana wenye ari, ambao wameona picha za helikopta zikiruka kichwa chini, nao hudai chama kinunue mara moja chombo kikubwa chenye mapanga yanayobadilika pembe, ili kisije kikanunuliwa kingine baadaye. Katika chombo hicho mota huizungusha rota kwa kasi isiyobadilika sana, na kupanda au kushuka hupatikana kwa kuongeza au kupunguza pembe ya mapanga yote kwa pamoja, hata kufikia pembe ya kinyume inayosukuma hewa juu. Ni chombo cha ajabu na cha haki kukitamani. Ila kina vijimota vya kuelekeza vitatu au vinne, viungo vingi vya kupimwa kwa uangalifu, na mipango ya rimoti ambayo anayeanza hawezi kujua ipi imekosewa. Kikianguka mara moja, huvunja mapanga, mhimili, giya na mara nyingine ufito wa mkia kwa pamoja. Hoja ya kununua leo kitakachofaa kesho ni hoja nzuri kwa dawati. Mwanafunzi hubaki na chombo asichoweza kukirusha wala kukitengeneza.

Tena kuna hatari, na hapa lugha ya upole haifai. Ichukuliwe helikopta ya redio yenye rota ya upana wa mita 1.5 inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Ncha ya panga lake hukata hewa kwa mita 157 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 560 kwa saa. Mwezi Septemba 2013 kijana wa miaka 19 aliuawa mjini New York na helikopta yake mwenyewe ya kielelezo, naye alikuwa mrushaji mzoefu. Chombo cha ukubwa huo hakina mahali katika uwanja wa shule uliozungukwa na wanafunzi 200 wanaotaka kuona.

Kati ya pande hizo mbili ipo helikopta ambayo chama cha sayansi kingefanya vema kuichagua: yenye rota moja kubwa na rota ya mkia, mapanga yasiyobadilika pembe, njia nne, rimoti ya redio ya gigahezi 2.4, na uzito wa makumi ya gramu tu, usiofika mia. Mapanga yake ni ya plastiki laini, na likimgonga mtu kidoleni humwachia maumivu ya muda. Miwani ya maabara hata hivyo ivaliwe, kwa sababu jicho si kidole. Helikopta ya namna hii hupanda kwa kuongeza kasi ya rota, na kwa kuwa rota huchukua muda kidogo kuongeza kasi, chombo hujibu kwa kuchelewa. Mwanafunzi hujifunza kutazamia mbele, kurudisha mkono kabla chombo hakijafika anapotaka. Hilo ndilo somo lenyewe la kuongoza kitu chochote chenye inesha, iwe jahazi au lori.

Huenda mtu akauliza kwa nini kichaguliwe kidogo hivyo, ilhali inajulikana kuwa kikubwa hutulia zaidi. Ni kweli, na sababu yake yafaa kuandikwa ubaoni. Vipimo vyote vya helikopta vikipunguzwa kwa nusu, tungamo lake hushuka hadi sehemu moja ya nane. Ukaidi wake dhidi ya kuzungushwa, ambao hutegemea tungamo na mraba wa umbali, hushuka hadi sehemu moja ya 32. Ndiyo maana helikopta ndogo hustuka kama panzi. Zamani hiyo ilikuwa sababu ya kutosha ya kumkataza anayeanza asianze na chombo kidogo. Leo jairo ya kielektroniki, iliyo ndogo kuliko ukucha, hupima kila mzunguko wa mwili mara nyingi kwa sekunde na kuusahihisha kabla jicho halijauona, na ubaya wa udogo umepungua sana huku wema wake ukibaki: kitu chenye gramu 30 kikianguka kwenye majani kutoka mita mbili, kwa kawaida huokotwa na kurushwa tena.

Ipo hoja nzito zaidi ya zote hizi, nayo hutolewa na walimu wenyewe. Shule ina upungufu wa mirija, asidi na hata meza. Kwa nini fedha iende kwenye helikopta? Hoja hii haijibiwi kwa kusema kuwa vijana watafurahi. Hujibiwa kwa kuonyesha kuwa chombo kitatumika kama kifaa cha maabara, na kama mwalimu hana nia ya kukitumia hivyo, ni afadhali fedha iende kwenye asidi.

Matumizi yenyewe yako mengi. Helikopta ifungwe juu ya kipande cha mbao kizito, iwekwe juu ya mizani, na rota iongezwe kasi taratibu. Wanafunzi hutarajia mizani ionyeshe uzito unaopungua. Wengi watashangaa kuona unapungua kidogo mno kuliko walivyotazamia. Sababu ni kwamba upepo unaosukumwa chini na rota huangukia sahani ya mizani yenyewe na kuibonyeza. Chombo kikiinuliwa juu ya kijiti kirefu, na sahani ikawa ndogo kiasi kwamba upepo unapita pembeni, uzito hushuka ipasavyo. Jaribio hilo moja hueleza maana ya kani ya kuinua kuliko kurasa tano za kitabu: helikopta hukaa juu kwa sababu husukuma hewa chini, na hewa iliyosukumwa haina budi kufika mahali.

Au lichukuliwe suala la nguvu. Helikopta ya gramu 30 yenye rota ya upana wa sentimita 19 ikielea, hesabu ya nadharia huonyesha kwamba hewa inayosukumwa inahitaji takriban wati 0.6 tu. Betri yake, tuseme ya volti 3.7 na miliampia-saa 150, ikiisha kwa dakika sita, imekuwa ikitoa wastani wa wati 5.5. Sehemu nane kati ya tisa zimekwenda wapi? Zimo katika joto la mota, ambalo kidole huweza kulihisi baada ya kutua. Katika msuguano wa giya. Katika ukinzani wa hewa dhidi ya mapanga madogo, ambayo kwa udogo wao hayana ubora wa mapanga makubwa. Na katika mota ya mkia, ambayo kazi yake yote ni kuuzuia mwili usizunguke. Mwanafunzi makini ataona tena kwamba chombo kinapoelea kimeinama kidogo upande mmoja. Aachwe atafute sababu mwenyewe, akikumbushwa tu kwamba rota ya mkia husukuma kwa ubavu, na kwamba hata hivyo helikopta haiendi kando.

Mahali pa shule nako kuna neno lake. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama ilivyo Mbeya au Nairobi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15. Kwa kuwa kani ya kuinua hufuata msongamano wa hewa na mraba wa kasi ya rota, mapanga yasiyobadilika pembe hulazimika kuzunguka haraka zaidi kwa karibu asilimia 9 ili kubeba uzito ule ule, na dakika za kuruka hupungua. Chombo ambacho Dar es Salaam hupanda kwa ukakamavu chaweza kuonekana kivivu Mbeya bila kuwa na ubovu wowote. Mfano wa kupindukia ni helikopta ya umeme Ingenuity, iliyoruka juu ya sayari ya Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili, 2021. Ilikuwa na uzito wa kilogramu 1.8 ukipimwa duniani na rota mbili za upana wa mita 1.2, ambazo zilizungushwa kama mara 2,500 kwa dakika, kwa maana hewa ya Mirihi ina msongamano wa karibu asilimia moja tu ya hewa yetu. Iliruka mara 72 kabla mapanga yake hayajaharibika mwezi Januari 2024. Walioibuni walichagua rota mbili za mhimili mmoja, si moja na mkia. Kwa nini? Hilo ni swali zuri la mjadala wa Kidato cha Nne.

Kuhusu vile vyombo vya rafadha nne vinavyopiga picha, maneno machache yatatosha. Ni rahisi zaidi kuvirusha, na kama nia ya shule ni kupiga picha shamba lake la mahindi, basi vinunuliwe hivyo. Lakini kazi yote ya kukitengemaza chombo hicho imefichwa ndani ya kompyuta yake ndogo, na hakuna kiungo cha kutazamwa kikitenda. Katika helikopta mwanafunzi husukuma kijiti, akaona sahani ya kuelekezea ikiinama chini ya rota na mapanga yakilifuata agizo.

Betri ndiyo sehemu ya chombo inayotaka nidhamu kuliko zote, na ndiyo inayoelezwa vibaya zaidi kwenye maboksi. Seli ya lithiamu polima huwa na volti 3.7 kwa wastani. Ikijaa hufika 4.2, wala isiruhusiwe kushuka chini ya 3.0. Chombo kikianza kulegea hewani kitue, kisilazimishwe. Betri ichajiwe kwa chaja yake, baada ya kupoa, juu ya sakafu ya saruji au sahani ya udongo, mbele ya macho ya mtu. Kamwe isichajiwe bwenini juu ya godoro usiku, maana lithiamu polima iliyoharibika hushika moto wa ghafla. Iliyovimba imekufa, isitobolewe, isichajiwe tena. Kama haitatumika kwa mwezi mzima wa likizo iachwe ikiwa na volti 3.8 hivi, kwani kuiweka imejaa au tupu huiharibu. Mwalimu asiye na kipima volti kwenye maabara yake akinunue kabla ya helikopta.

Jambo la vipuri halina mjadala. Chombo ambacho muuzaji hawezi kuonyesha mapanga yake ya akiba kisinunuliwe, hata kikishushwa bei. Kwa kipimo cha haki, theluthi moja ya fedha yote ingekwenda kwenye mapanga, mhimili, giya, mota ya mkia na betri. Aidha, ni afadhali helikopta ya kawaida ambayo shule jirani nayo inayo, kuliko iliyo bora kidogo ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifungua.

Mafunzo nayo yaanze kwa utaratibu. Pakipatikana kompyuta yenye programu ya kuiga urukaji, saa chache hapo huokoa mapanga mengi. Chombo kifungwe chini vijiti vinne vyepesi vilivyopishana msalaba, vyenye mipira midogo kwenye ncha, kisipinduke kinapotua vibaya. Mkia umwelekee mrushaji siku zote za mwanzo, ili kulia kwa chombo kuwe kulia kwake. Zamu ya kukitazama uso kwa uso, ambapo kulia hugeuka kushoto, ingoje wiki kadhaa. Wanaoanza wengi hukiacha kielee sentimita chache juu ya ardhi wakidhani ni salama zaidi, kumbe hapo ndipo hewa iliyosukumwa hurudi juu na kukirusharusha. Mita moja ni bora. Na kabla ya kutoka ukumbini kwenda uwanjani, mwalimu aulize mamlaka ya usafiri wa anga, kwa sababu Tanzania na Kenya zina kanuni juu ya vyombo vya angani visivyo na rubani, na shule iliyo karibu na kiwanja cha ndege ina sababu ya ziada ya kuuliza.

Limebaki suala la zamu, ambalo huua vyama vingi vya sayansi kuliko mapanga yaliyovunjika. Ikiwa chama kina wanachama 30, kinakutana saa mbili kwa wiki, na betri moja huruka dakika sita kisha huchajiwa dakika 40, basi betri mbili zitatoa marusho sita tu kwa mkutano mmoja. Mwanachama atashika rimoti mara moja kila wiki tano, na mara hiyo moja itachukuliwa na mkubwa wa darasa. Betri tano, zikiwa na chaja zake, hutoa marusho yapatayo 14 kwa muda ule ule, na kila mmoja, msichana kwa mvulana, hupata zamu yake katika wiki ya pili au ya tatu. Betri tatu za ziada ni fedha ndogo ikilinganishwa na tofauti ya bei kati ya helikopta ndogo na kubwa. Orodha ya zamu ibandikwe mlangoni mwa maabara siku ile ile boksi linapofunguliwa.